Mashavu ya Kuazima

Barnabé Mpoyi alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu mwingine Kolwezi nzima aliyekuwa nayo, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anaifanya vibaya. Alikuwa mjaribu. Ukimwuliza anajaribu nini, alivuta kiti, akapandisha suruali magotini asiharibu pasi, akakaa, na hapo ujue bukari yako, yaani ugali, itapoa mezani.

Jambo lenyewe ni fupi, ingawa yeye hakuwahi kulieleza kwa ufupi. Katika biro, yaani ofisi, ya michoro ya Kampuni, pale ramani za mashimo ya shaba zilipochorwa, kulikuwa na Mbelgiji mmoja, Monsieur Lambrecht. Huyu alikuwa na rafiki Ulaya, mmoja wa watu waliokuwa wakitengeneza programu ya kompyuta ya kurekebisha picha. Programu ilikuwa bado haijauzwa dukani. Rafiki alimtumia Lambrecht toleo la majaribio, halafu lingine, halafu lingine tena, ili acheze nalo, alisumbue, na kila linapokwama aseme limekwama wapi. Lambrecht akamfundisha Barnabé, mchoraji wake, kwa sababu mchana kulikuwa na joto na yeye alipenda kulala. Mwaka wa tisini na moja wanajeshi wakaingia mitaani kupora, Wazungu wakapakiwa wakaondoka, na Lambrecht akaondoka nao. Kompyuta ilikosa nafasi kwenye gari. Mbwa alipata.

Mlangoni, mbwa kwapani, Lambrecht alimwambia, “Endelea kujaribu.” Lilikuwa neno la mtu anayetafuta ufunguo wa gari. Barnabé alilipokea kama amepewa upadri.

Siku zile Kampuni ilikuwa inakufa, na haikufa kimyakimya. Mgodi wa chini ya ardhi ulikuwa umebomoka, mashine za kuchimba zilisimama kwa kukosa vipuri, mshahara ulikuja ukipenda, kantini ilifungwa, na hospitalini mgonjwa alikwenda na shuka lake na sindano yake. Kitu kimoja tu hakikukoma, nacho ni umeme wa bwawa la Nzilo. Maji ya Lualaba hayakuwa yameambiwa kwamba nchi imeharibika. Basi kila asubuhi Barnabé alivaa shati jeupe, akapita katikati ya biro tupu ambazo viti vyake vilikwisha kwenda kukaa nyumbani kwa watu, akawasha kompyuta na kuisumbua mpaka jioni. Aligeuza picha kichwa chini. Alifuta mawingu. Alimpa mhasibu mmoja gari la Mercedes lililotoka kwenye kalenda, na mhasibu akaipeleka picha ile kwa wakwe zake bila aibu. Kila kasoro aliyoiona aliiandikia ripoti kwa Kifaransa cha heshima, akaipeleka posta. Posta ya wakati ule ilikuwa chumba chenye mama mmoja anayeuza mikate ya mafuta.

“Leo mashine imekatala kurudia nyuma mara mbili,” alimwambia mke wake Ndaya, mezani. “Ukikosea inakubali kurudia mara moja tu, basi. Ile njo kasoro mukubwa. Nimebaandikia.”

“Na mi, unga imekatala kufika kesho,” Ndaya akasema. “Ubaandikie na ile.”

Barnabé hakukasirika. Mtu mkubwa hukubali kutaniwa na mke wake. Alikwisha kuamini kwamba kule Ulaya kuna chumba chenye watu waliokaa wakingoja neno lake, na kwamba lisipofika hawatathubutu kuuza kitu.

Halafu ikaja ile habari ya kufukuza watu. Nitaisema haraka kwa sababu bado inanichafua roho. Wakubwa wa siasa waliona shaba imeisha, mishahara imeisha na akili imeisha, wakatafuta wa kulaumiwa, wakawaona Wakasai. Hawa ni watu ambao baba zao waliletwa na Wabelgiji kwa treni kuja kuchimba, wakazaa palepale kando ya shimo, watoto wao wakawa makarani, walimu na mafundi, na Kasai yenyewe wengi wao hawakuijua hata kwa ndoto. Wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wakanyweshwa pombe, wakapewa fimbo na mapanga, wakapita nyumba kwa nyumba. Uliyesali naye Jumapili, Jumatatu alikuwa mlangoni kwako anapima kwa macho kama kabati lako litapita kwenye mlango wake. Kufika mwaka wa tisini na tatu, stesheni ya Kolwezi ilikuwa mji mzima. Watu walilala chini ya nailoni, chini ya milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao wenyewe, wakingoja treni ya kwenda Kasai, na wakiwa wanangoja walizika watoto wao.

Barnabé alikuwa Mkasai wa baba na wa mama. Akatazama yote hayo, akaona hayamhusu.

“Mi hapana,” alimwambia Ndaya. “Beko na lazima na mi.”

“Ba nani?”

“Ba programu.”

Ndaya akaendelea kufunga sufuria ndani ya blanketi.

Mama yake Barnabé, Mama Kabedi, naye alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake, na haikuwa mingi. Alikuwa mjane wa mzee Kalombo. Nyumba yake ya mtaa wa Musonoi ilikuwa imechukuliwa. Vijana walibeba hata sanduku la bati la chini ya kitanda wakidhani lina vitenge, kumbe lilikuwa na picha zote za ndoa yake. Akahamia kwa mwanawe. Alitaka kwenda stesheni na Ndaya na mjukuu wake Laure, hata leo, hata sasa. Lakini alikuwa na haja moja ambayo hakuweza kuondoka bila kuitimiza, na aliisema kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso.

Mzee Kalombo alifia Kolwezi, akazikwa Kolwezi. Ndugu zake, kule kijijini karibu na Mwene-Ditu, hawakupata kumlilia. Kwao mtu aliyekufa mbali lazima aliliwe nyumbani, na kama mwili haupo, picha yake inawekwa juu ya mkeka, inazungushiwa kitambaa cheupe, watu wanalia mbele yake. Mjane anakaa kando ya picha. Ndugu wanamwona anavyolia, wanasema huyu ni mke wetu, wanampa mahali pa kulala. Mama Kabedi aliolewa Kolwezi, na hakuna shemeji hata mmoja aliyewahi kumwona kwa macho. Bila picha angekuwa bibi kizee tu aliyeshuka kwenye treni na sufuria, anadai kuwa mke wa mtu. Na treni zilikuwa zinashusha bibi vizee wengi.

Picha ya Kalombo ilikuwa imebaki moja tu, nayo ilining'inia ukutani kwa Shefu Kisimba.

Huyu Kisimba alikuwa mkubwa mpya wa idara. Walio juu yake wote walikuwa Wakasai. Walipofukuzwa, alipanda cheo kila wiki bila kuinuka kwenye kiti. Picha yenyewe ilipigwa zamani, siku ilipofika mashine kubwa ya kuchimba. Mainjinia na mafundi wamesimama mstari mmoja mbele ya chuma, karibu wote Wakasai. Katikati yupo Kalombo, kapita, yaani msimamizi, wa wachimbaji, mwembamba, mashavu yameingia ndani, anatazama kamera kama vile inamchelewesha kazi. Pembeni kabisa, kijana mmoja aliyeshiba vizuri ameshika kofia ya Mzungu ambaye hata hayumo kwenye picha. Kijana huyo ndiye Kisimba.

Siku moja Shefu aliingia biro ya michoro na picha hiyo kwapani.

“Barnabé, weye unajua kufuta mutu?”

“Shefu, toleo hii inafuta mutu muzuri sana. Inabakisha tu kivuli yake. Nimekwisha kubaandikia.”

“Na kivuli ufute.” Akaiweka picha mezani. “Bakubwa batakuja kutembelea idara. Mi sitaki bilulu ku ukuta yangu. Aba bote batoke.” Kisha akakumbuka anazungumza na nani, akampiga Barnabé begani. “Weye usisikie mubaya. Weye uko mutu wa mashine. Nani atakugusa?”

Mwanamume mwingine angetema mate, au angalau angekohoa. Barnabé alifurahi. Tangu Lambrecht aondoke hakuna mtu aliyempa kazi ya maana kiasi kile, na sasa mkubwa mwenyewe alikuwa ametamka kwa mdomo wake kwamba hataguswa. Aliomba jambo moja tu, amtoe baba yake kando kwanza.

“Shefu, tata yangu eko humu. Nimutoshe kwanza pembeni, nimupatie mama picha yake.”

“Mutoshe, mupeleke kwenye unapenda. Basi mu picha yangu asibakie.”

Barnabé akaiingiza picha kwenye kompyuta. Ilipokwisha kuonekana kwenye skrini, Kisimba aliichukua ile ya karatasi, akatoka nayo uani ambako mfagizi alikuwa anachoma majani, akaitupia motoni. Picha mbili zinaleta maneno, alisema.

Jioni Mama Kabedi alikuwa anangoja kizingitini. “Umenileteya?”

“Bado, mama. Kuko mukunjo.”

Ni kweli, mkunjo ulikuwepo. Zamani picha ile iliwahi kukunjwa, na ufa ulipita juu ya uso wa Kalombo, chini ya macho, ukala rangi ya mashavu yote mawili. Macho yalikuwa mazima. Paji la uso lilikuwa zima. Mdomo na lile kovu dogo la kidevuni vilikuwa salama.

“Leta na mukunjo yake,” mama akasema. “Mi bwana yangu ninamujua.”

“Mama, mi niko mujaribu. Siwezi kutosha mutu na mukunjo mu mashine yangu. Batu ba Kasai batasema nini?”

“Batasema eko na mukunjo,” Ndaya akajibu kutoka jikoni.

Angeitoa siku ile, haya yote nisingekuwa nayasimulia. Ilikuwa kazi ya dakika chache: kumkata mzee kwenye mstari, kumweka kwenye karatasi yake, kumtoa kwenye mashine ya kuchapa. Lakini Barnabé alikuwa mtu wa mpango. Kwanza kazi ya Shefu, halafu kazi ya baba, tena aifanye vizuri, bila haraka, ili hata wale wa Ulaya wangeiona waseme kumbe programu yetu inaweza hivi. Akamkata baba yake, akamweka kando pamoja na mkunjo wake, akaanza kufuta wengine.

Kufuta kwenyewe kulikuwa hivi. Programu ilikuwa na chombo kama muhuri. Unaonyesha kipande cha picha unachokitaka, muhuri unakishika, unakwenda kukipaka pale penye kitu usichokitaka. Haukujua kubuni kitu kipya. Ulijua kuchukua hapa na kupaka pale tu. Barnabé alichukua chuma cha ile mashine kubwa akapaka juu ya watu. Alimfuta Mukuna, mzee aliyemfundisha kushika kompasi, akifuata ukingo wa sikio lake kwa uangalifu wa kinyozi. Alimfuta fundi aliyeimba besi kanisani. Wengine kati yao walikuwa stesheni wakati huohuo, wamelala juu ya changarawe, na Barnabé akiwafuta alikuwa anapiga mluzi. Sisemi alikuwa na roho mbaya. Nasema alikuwa anapiga mluzi.

Kila jioni alihifadhi kazi ya siku juu ya ile ya jana, kwa maana kompyuta haikuwa na nafasi ya kuweka picha ile mara mbili.

Shefu alipokuja kutazama, uso ulimwanguka. Kwenye picha kulikuwa na ukuta mpana wa chuma, na pembeni kabisa kijana mmoja peke yake, ameshika kofia.

“Naonekana sawa mulinzi,” Kisimba akasema.

“Shefu ulisema bote batoke.”

“Batoke, ndiyo. Lakini idara haiwezi kuwa mutu mumoja. Weka batu.”

“Batu gani, Shefu?”

“Batu bazuri. Ba hapa.”

Watu wazuri wa hapa, kwenye picha ile, walikuwa mmoja. Barnabé akafanya alichoweza. Akamshika Kisimba kwa muhuri akampaka mahali pa Mukuna. Akampaka tena mahali pa mwimba besi. Mmoja alimgeuza atazame kushoto, mmoja akamwongezea masharubu, mmoja akamfanya mrefu kidogo. Alipomaliza, mbele ya mashine kubwa kulikuwa na Kisimba mstari mzima, kila mmoja na kofia yake mkononi.

Hapo hata Barnabé aliogopa kidogo. Shefu alisimama mbele ya skrini, mikono nyuma, akawakagua mmoja mmoja mpaka mwisho wa mstari, akarudi mwanzo.

“Sasa njo inakaa idara,” akasema.

Picha ikatundikwa. Wakubwa walikuja, wakapita mbele yake, na hakuna aliyeuliza kitu. Mmoja wao, mzee mwenye miwani, alisimama hata akampongeza Shefu kwa jinsi wafanyakazi wake wanavyofanana kwa nidhamu.

Ndipo Barnabé akamgeukia baba yake. Alikuwa na furaha. Kazi ya wajibu imekwisha, sasa ni kazi ya moyo. Ili kuziba ufa alihitaji ngozi, muhuri uichukue mahali. Aliitafuta kwenye picha kubwa. Mukuna hayupo. Mwimba besi hayupo. Aliwafuta mwenyewe, na mashine ilikubali kurudi nyuma mara moja tu. Ngozi iliyobaki humo yote ilikuwa ya mtu mmoja. Akachukua shavu la Kisimba, la kijana aliyeshiba, akalipaka upande wa kulia. Likakaa vizuri. Akachukua la pili. Akalainisha kingo, akaongeza kivuli kidogo, akaondoa na kovu la kidevuni kwa sababu muhuri ulikuwa tayari mkononi. Kwa wiki nyingi alikuwa ameutazama uso wa Kisimba kutoka asubuhi mpaka jioni, hata alikuwa hauoni tena. Aliona tu kwamba mkunjo umekwisha. Akahifadhi juu ya ile ya zamani, akachapa, akaitia kwenye nailoni.

Wakati huo mama yake, mke wake na mtoto walikuwa wamekwisha kwenda stesheni, kwani ilisemwa treni imefika stesheni ya Tenke. Barnabé aliwaambia watangulie. Angewaletea picha, angewasaidia kupanda, kisha angerudi kazini kwake. Akapita kwanza biro kumuaga Shefu kwa saa mbili tatu, kwa adabu.

Mezani kwake alikuwa amekaa kijana, mpwa wa Shefu, anaipiga kompyuta ubavuni kwa kiganja ili iamke. Kisimba alikuwa amesimama nyuma yake.

“Barnabé,” akasema, na alishangaa kweli, “weye bado uko huku?”

“Shefu, si ulisema mi niko mutu wa mashine.”

“Mashine sasa tunaijua.” Akaitazama saa yake. “Fanya mbio, mutu wangu. Treni haitakungojea.”

Na mnajua yule mtu alifanya nini? Aliinama akamweleza yule mpwa kwamba asiipige, kwamba kitufe kiko nyuma, na kwamba awe mwangalifu, mashine inarudi nyuma mara moja tu. Mpwa akamwambia asante, mzee. Barnabé alikuwa na miaka thelathini na kitu.

Nyumbani alikuta familia nyingine imekwisha kuwasha mbabula yake, lile jiko la makaa. Mama mmoja alimwuliza anatafuta nani. Akasema hatafuti mtu. Akaenda stesheni na shati lake jeupe na ile nailoni.

Mama Kabedi alikuwa amekaa juu ya mzigo, Laure amelala mapajani pake. Barnabé alipiga magoti, akatoa picha, akampa kwa mikono miwili. Mama aliishika mbali, akaileta karibu, akaishika mbali tena.

“Huyu ni nani?”

“Ni tata, mama.”

“Macho ni yake,” mama akasema polepole. “Hii ingine ni ya nani?”

Barnabé alimweleza. Alieleza juu ya muhuri, alieleza juu ya ufa, alieleza kingo zilivyolainishwa, na kwa dakika nzima alikuwa yuleyule wa mezani anayepoza bukari ya watu. Ndaya alikuwa ameinama juu ya bega la mama mkwe wake. Yeye ndiye aliyejua kwanza.

“Kisimba,” akasema. “Papa Laure, unamuletea mama sura ya Kisimba.”

“Ni mashavu tu.”

“Rudisha ile ya zamani,” mama akasema. “Ile ya mukunjo.”

“Mashine inarudia mara moja tu, mama,” Barnabé akajibu, na safari hii hakuisema kama ripoti.

Mama Kabedi hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aliifunga picha ndani ya kitenge, akaitia kifuani, kwa sababu mbaya au nzuri ndiyo iliyokuwepo.

Treni ilikuwa mabehewa ya mizigo, mengine bila paa. Stesheni ya Lubudi watu walitoka na mahindi ya kuchoma, wengine kuuza, wengine kuwapa tu, na mbele kidogo wengine waliwatupia mawe, basi ulikuwa huwezi kujua ufungue mdomo au ufunike kichwa. Behewa lao lilimpoteza mtoto mmoja na wazee wawili kabla ya Mwene-Ditu. Laure alifika. Njia nzima Barnabé hakuitaja programu hata mara moja, na Ndaya alianza kumwonea huruma, jambo ambalo hakulitarajia.

Kijijini, Kazadi, mdogo wake Kalombo, sasa mzee wa ukoo, aliwapokea kwa mashaka lakini aliwapokea. Aliuliza picha. Mama Kabedi akaitoa. Mkeka ukatandikwa, kitambaa cheupe kikazungushwa, wanawake wakaanza kilio, na kilio cha Kiluba kikianza hata mgeni machozi yanamtoka. Mama Kabedi alikaa kando ya picha, amejifunika kichwa, akimlilia mume wake na macho ameyafumba asimwone yule aliye juu ya mkeka.

Kazadi akainama akaiokota picha. Akaipeleka kwenye mwanga.

“Ndugu yangu alinenepa huko,” akasema kwa Kiluba.

Kilio kikapungua.

“Tazameni. Mwaka wa njaa tulituma mtu kwake mpaka Kolwezi. Akajibu kwamba hana kitu, kwamba yeye mwenyewe anakula mara moja kwa siku. Tukazika watoto hapa, tukasema masikini, hata yeye ana taabu.” Akaigeuza picha ili wote waione. “Haya ndiyo mashavu ya mtu anayekula mara moja?”

Kilio kikanyamaza kabisa. Wanawake walimtazama Mama Kabedi, kisha wakawatazama Barnabé na Ndaya na mtoto.

Barnabé alijua ukweli, hakuna aliyeujua kuliko yeye. Mwaka ule wa njaa mzee Kalombo alikula mara moja kwa siku, na mwaka uliofuata, na miaka mingine baada ya hapo, kwa sababu alikuwa na mtoto shuleni anasomea uchoraji. Yale mashavu yaliyoingia ndani, yale aliyoyaziba kwa mkono wake mwenyewe akipiga mluzi, yalikuwa karo yake. Akafungua mdomo aseme. Aseme nini? Kwamba uso ule si wa Kalombo? Basi mnamlilia nani hapa, na huyu mwanamke mzee aliyeleta picha ya uongo ni mke wa nani?

Mama Kabedi alifunua kichwa. Alimtazama mwanawe mara moja, na Barnabé akafunga mdomo.

“Alikula, shemeji,” mama akasema. “Alikula vizuri sana. Mimi ndiye niliyempikia. Na kama alikuwa na kitu asiwakumbuke, ni mimi niliyemkataza. Lawama ziwe zangu, yeye mlilieni.”

Kazadi alimtazama, akatikisa kichwa, akairudisha picha juu ya mkeka. Alikuwa mke wao, sasa hakuna aliyekuwa na shaka. Ni mke tu anayeweza kuwa mbaya kiasi kile. Wakamwonyesha mahali pa kulala, nyuma, karibu na mbuzi. Kisha kilio kikaanza tena, na Barnabé akalia kuliko wote, akajitupa chini na lile shati jeupe, hata shangazi zake wakaja kumshika mabega, wakaambiana mtoto huyu alimpenda kweli baba yake.